Mbwa Aliyepewa Kazi ya Hakimu

Mama Makochi alikuwa fundi wa kuvisha makochi, na kama mafundi wengi wa kazi hiyo, misumari midogo aliiweka mdomoni. Aliisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, vidole vya kushoto vikaupokea msumari, nyundo ikaugonga. Alizungumza hivyo hivyo, alipatana bei hivyo hivyo, na alicheka hivyo hivyo. Mteja aliyetaka kumletea za kuleta alipaswa kumtazama mdomo tu. Akiona mama ameitema misumari yote kiganjani, basi ajue amekwisha, atafute njia ya kwenda kwao.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mume alimwacha mjane mapema, na binti yake wa pekee aliolewa mbali. Kwa hiyo siku zake zilipita katika kibanda kimoja kwenye safu ya maduka, kinyozi upande huu, duka la vyakula upande ule, sponji mpaka darini na vumbi la vitambaa vya zamani kila mahali. Aliishi humo na mbwa. Mbwa huyo alikuja mwenyewe akiwa mdogo, akalala ndani ya kochi lililokuwa limetolewa matumbo, na asubuhi fundi alipotaka kurudisha sponji akakuta kiti kina mwenyewe. Alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, masikio marefu yameanguka. Jina la Karani alipewa na kinyozi, kwa sababu alikaa kwenye kizingiti na kumtazama kila anayeingia kana kwamba anataka kumuuliza ana miadi na nani.

Mzaha ulianzia hapo. Siku moja Karani alimbwekea kijana aliyekuja kuulizia kibarua, akambwekea mpaka sauti ikakauka. Wiki haikuisha, kijana akakamatwa na mabati ya watu. Kinyozi alimwacha mteja wake na nusu kichwa, akatoka nje kutangaza kwamba mbwa yule anaona mioyo. Watu wakacheka, na katika kucheka wakaamini. Tangu siku ile ikawa desturi. Mpangaji mpya, kibarua mpya, hata mchumba aliyeletwa kutambulishwa, alipitishwa kwanza mbele ya kizingiti cha Mama Makochi. Akinuswa na kuachwa, walisema Karani kampitisha. Akiungurumiwa, walitazamana.

Mama Makochi alijua ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa na maajabu. Karani aliwabwekea watu wenye kofia ngumu za pikipiki kwa sababu hakuwaona nyuso. Aliwabwekea waliobeba vitu virefu, na waliomjia moja kwa moja wakimkazia macho. Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja alibwekewa kama jambazi sugu. Na yule aliyeondoka na nyundo nzuri ya mama, ile ya mpini mwekundu, alilambwa mikono yote miwili na kusindikizwa mpaka barabarani. Lakini mama hakusema. Sifa za mbwa zilimletea wateja, maana watu waliacha samani zao pale bila wasiwasi, na tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo. Nani asingependa kuwa mwenye mbwa wa namna hiyo?

Kuna msichana aliyewahi kuja kuomba kazi za ndani kwa mke wa kinyozi. Siku hiyo jua lilikuwa kali na alishika mwavuli. Karani akaunguruma. Mke wa kinyozi akasema basi, hapana, atatafuta mwingine. Msichana alifunga mwavuli wake taratibu, akasema hajawahi kuiba hata sindano, na wala hakuna mtu aliyekuwa ametamka neno wizi. Mama Makochi aliiona yote akiwa ameinama juu ya mgongo wa kiti. Alicheka pamoja na wenzake, misumari ikagongana mdomoni.

Wiki ambayo mambo yaliharibika, mwenye duka la vyakula aliibiwa mitungi ya gesi. Mtu alivunja kufuli la wavu uliokuwa nyuma ya duka, akaipakia na kwenda zake. Mwenye duka, mtu mpole ambaye kawaida hupima sukari huku akikuulizia hali ya watoto, akaanza kupima sukari bila kuuliza chochote. Wenye maduka wote walikuwa wakali. Mgeni akipita, mazungumzo yalikatika mpaka apotee kwenye kona.

Mama Makochi hakuwa na nafasi ya kufuatilia. Alikuwa na makochi ya nyumba ya wageni iliyokaribia kufunguliwa, mengi, na mwenye nyumba alipiga simu asubuhi, mchana na jioni. Katika pilikapilika hizo alimwona Karani hakai tena kizingitini. Alijilaza chini ya meza ya kukatia, upande mmoja tu, akitikisa kichwa kama mwenye maji masikioni. Chakula alikinusa akakiacha. Mama alipotaka kumvalisha ukanda wa shingoni, mbwa aligeuza uso ukutani, akalamba pua, akakauka kama ubao. Mama akamwambia aache madeko, kwamba hata yeye mgongo unamuuma na anafanya kazi. Akamvalisha kwa nguvu, akarudi kwenye sponji zake.

Mchana wa siku ya tukio, mkasi wake mkubwa ulianza kutafuna kitambaa badala ya kukata. Akasikia kengele ya mnoa visu mtaani, akamwita kwa mkono. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka likaonyesha mistari, anasukuma baiskeli yenye jiwe la kunolea lililofungwa juu ya fremu. Hakuwahi kupita mtaa ule. Hakujua habari za kizingiti wala za kupitishwa. Aliegemeza baiskeli, akasalimia vizuri, akaingia moja kwa moja kuuchukua mkasi uliokuwa umelazwa kwenye benchi, karibu na meza ya kukatia.

Alipoinama akamwona mbwa. Uso wake ukafunguka. Akasema, "Na wewe bwana umejificha huku?" akanyoosha mkono amkune nyuma ya sikio, kwa ulegevu wa mtu aliyekua na mbwa nyumbani kwao.

Mama Makochi aliona. Aliona Karani anageuza uso ukutani, aliona ulimi unapita juu ya pua, aliona mwili unakauka kama siku ile ya ukanda. Akajua, kwa namna mtu anavyojua sufuria itamwagika kabla haijamwagika. Lakini mdomo wake ulikuwa umejaa misumari. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiona misumari kuwa kizuizi, na sasa alipotaka kusema neno moja tu, acha, ilimbidi kwanza ainame na kutema. Mkono wa yule bwana ulikuwa umeshafika sikioni.

Karani aliuma mara moja, kwenye kifundo cha mkono, akaachia. Mnoa visu aliruka kinyumenyume, akajikwaa kizingitini, akaangukia baiskeli yake. Mfuko wa ngozi uliokuwa kwenye usukani ukafunguka na visu vya wateja wake wa mtaa mwingine vikatawanyika barabarani, vyembamba, vipana, cha mkate, cha nyama, vyote vimenolewa na vinang'aa juani. Karani alibweka kutoka ndani, kubweka kwa maumivu, ila aliye nje angejuaje.

Nje wakaona hivi: mgeni, damu, visu, na Karani anabweka.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kutoka, kitambaa begani. Mwenye duka akatoka. Wapita njia wakasimama, na wasiojua lolote wakauliza kuna nini, wakajibiwa na wasiojua lolote. Mtu mmoja wa nyuma akatamka neno lile, mwizi. Wala hakulipaza. Neno hilo halihitaji kupazwa. Mnoa visu alijaribu kuinuka, akasukumwa ukutani. Mwenye duka, yule mpole wa sukari, akamkunja kola ya shati na kumuuliza, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, mitungi yake iko wapi.

Mnoa visu akasema hajui mitungi gani. Akasema ameitwa na mama. Alisema kwa adabu, huku damu ikimchuruzika mpaka kwenye vidole, na adabu yake nayo ikageuzwa kosa, maana mmoja akasema wezi wa siku hizi ndivyo walivyo, wanajua kusalimia.

Mama Makochi akatoka mikono mitupu. Aliwaambia amemwita yeye mwenyewe amnolee mkasi, hajagusa kitu, mbwa anaumwa sikio na bwana huyu amelishika bila kujua. Alisema yote hayo vizuri na kwa mpangilio, na aliona hayaingii popote. Kinyozi alimtazama kwa huruma kabisa.

"Mama Makochi, wewe unaona kwa macho," akasema. "Karani anaona ndani. Sisi sote tunajua hilo, na wewe zaidi."

Na yeye zaidi. Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Ni yeye aliyeacha watu waamini. Alikuwa amekaa kimya akila matunda ya uongo ule, na sasa uongo ulikuwa umemshika mtu kola. Alipogeuka aliona mkono wa mtu unapita pembeni yake, unaingia kibandani na kutoka na ubao. Ulikuwa mguu wa kochi, mti mgumu, ameupiga msasa kwa mkono wake asubuhi hiyo. Mtu aliyeushika alikuwa anaupima uzito.

Alijua kwamba pigo la kwanza likishuka, hakuna atakayekuwa na uwezo wa kusimamisha la pili. Akarudi ndani. Wengine walidhani ameamua kutotazama. Alipiga magoti chini ya meza, akashika ukanda wa Karani na kumvuta polepole, mbwa akijizuia kwa kucha, mpaka wakafika kizingitini mbele ya watu wote.

"Kinyozi," akaita. "Karani hakosei?"

"Hakosei."

"Akimuuma mtu, mtu huyo ni mwizi?"

Kinyozi alisita kidogo, kwa vile swali lilikuwa na harufu ya mtego, lakini umati ulikuwa unamsikiliza na yeye ndiye mwenye mbwa yule kwa maneno ingawa si kwa chakula. "Wewe mwenyewe umeona," akasema.

Mama Makochi akapiga magoti tena. Akanyoosha mkono, akaufikisha nyuma ya sikio lile lile, akalifunua. Harufu mbaya ikampanda puani, na ndani akaona wekundu na usaha, na aibu ikamjia kubwa kuliko woga. Siku zote hizi. Karani aligeuza uso. Alilamba pua. Akakauka. Kisha, badala ya kuuma, akatetemeka mwili mzima, akalegea, akaulamba mkono wa mama.

Umati ukaguna. Mtu akasema mmeona, Karani anamjua mama yake, anajua nani msafi. Mwenye duka akaikaza kola. Mguu wa kochi ukapanda mpaka usawa wa bega.

Hapo ndipo Mama Makochi alipoelewa alichokifanya. Alikuwa ameweka maisha ya mtu juu ya mbwa kumuuma, na mbwa alikuwa anampenda. Karani alikuwa anavumilia. Alikuwa anatumia kila alichonacho asimuumize, macho yamemtoka, na kadiri alivyozidi kuvumilia ndivyo yule bwana ukutani alivyozidi kuangamia. Hakuwahi katika maisha yake kumwomba kiumbe yeyote jambo la ajabu kama hilo. Niume, akamwambia moyoni. Niume, mwanangu, nakuomba.

Hakuuma. Basi mama akafumba macho, akaliminya lile sikio kwa vidole vya fundi, vidole vinavyovuta mkanda wa mpira chini ya kochi mpaka ulie.

Karani alitoa mlio kama wa mtoto na akamuuma. Alimuuma sana, si kama alivyomuuma mgeni. Meno yaliingia kwenye kiganja, yakakaa, kisha akaachia, akarudi kinyumenyume chini ya meza huku mkojo ukimtoka njia nzima.

Mama Makochi akasimama. Akaenda mpaka mbele ya kinyozi na kumwinulia mkono machoni, damu ikishuka kwenye kiwiko na kudondokea viatu vyake yeye kinyozi.

"Haya," akasema. "Mimi nimeiba nini?"

Mwenye duka aliangalia vidole vyake kwenye kola ya yule bwana kana kwamba vimewekwa hapo na mtu mwingine, akaviondoa, halafu akajaribu kuinyoosha ile kola, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kutazama. Mwanamke mmoja akainama na kuanza kuokota visu. Aliyekuwa na mguu wa kochi aliuegemeza ukutani taratibu, kama aliyekuja kuuleta.

Lakini watu waliokwisha kuchemka hawapoi hivi hivi. Kinyozi alipata sauti, na sauti yake ilitafuta mkosaji mwingine. Akasema basi mbwa huyo ana kichaa, kamuuma aliyemlea, auawe sasa hivi. Wawili watatu wakaitikia. Aliyekuwa akiona mioyo dakika ile iliyopita sasa alikuwa mnyama wa kupigwa mawe, na waliosema hili ndio waliosema lile. Mama Makochi aliwaambia kwamba mbwa amechanjwa na sikio lake limeoza, na kwamba anayetaka kumuua aanze na yeye pale mlangoni. Alisema bila kupaza sauti. Akafunga mlango wa kibanda, akaingiza ufunguo kifuani. Wakamtazama mkono, wakamtazama uso, halafu mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kazi zao.

Yeye na mnoa visu walinawa kwenye bomba la nyuma ya duka, kwa mche mmoja wa sabuni waliopokezana, maji yakitiririka juu ya majeraha kwa muda mrefu kama inavyotakiwa. Mwenye duka aliwaletea kitambaa safi, akakiweka juu ya ndoo na kuondoka bila kuwatazama. Kisha wakaenda zahanati kwa miguu, baiskeli wakiisukuma kila mtu kwa mkono wake mzima.

Walikaa kwenye benchi la mbao kwenye ukumbi wa zahanati, mikono imefungwa kitambaa, wakisubiri sindano. Mama alimpigia simu daktari wa mifugo, naye akaahidi kupita jioni kumsafisha mbwa sikio, akamwonya asimguse tena mpaka afike, na amwache peke yake mahali penye utulivu. Alipokata simu aliona yule bwana anamsikiliza.

"Nilimwona amegeuza uso," mnoa visu akasema. "Nikadhani ananionea haya, kwa kuwa mimi mgeni. Nikasema nimzoeze."

Mama akamwambia kosa si lake. Akamwomba radhi, na radhi ilipotoka ilitoka na mengi. Akamweleza habari za kizingiti, za kinyozi, za kijana wa mabati, hata za msichana wa mwavuli ambaye mpaka leo hajui alipoishia. Akasema mambo hayo yamekwisha. Kila mtu mtaani ameona kwa macho yake. Akasema arudi siku yoyote, atapokewa vizuri, mkasi bado unamsubiri, na safari hii atakayemgusa atamkuta yeye.

Mnoa visu alimsikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyolelewa. Alikuwa anaitazama kola yake, mahali palipochanika, akijaribu kuikutanisha kwa vidole vya mkono mmoja.

"Mama, nakushukuru," akasema. "Umeniokoa na nitawaambia wanangu. Lakini yule mbwa anakupenda. Nilimwona mara ya kwanza alivyokulamba, na mimi nilikuwa pale ukutani nikimwomba Mungu akuume. Kama angevumilia mpaka mwisho, mimi ningekuwa wapi sasa hivi?"

Mama Makochi alifungua mdomo. Haukuwa na msumari hata mmoja, na hakupata neno.

Muuguzi akatokea mlangoni, akauliza nani kati yao aliyetangulia kuumwa na mbwa. Mnoa visu akainuka, akamwomba mama amshikie baiskeli, akaingia ndani.